Ukaguzi ukamilike simuni: kisa cha programu ya kukagua magari pasipo mtandao

Kampuni moja ya malori ya mizigo iliacha fomu za karatasi na kuwapa wakaguzi wake programu ya simu. Kila lori, kabla halijatoka yadi, lilipaswa kukaguliwa breki, matairi, taa, usukani, vioo, waipa, uvujaji wa mafuta na jinsi mzigo ulivyofungwa. Karatasi zilikuwa zinapotea, mwandiko mwingine hausomeki, na gari likipata ajali watu walishinda kwenye makabati wakitafuta fomu ya asubuhi ya siku hiyo. Programu ilitarajiwa kumaliza adha hiyo. Haukupita muda wakaguzi wakaanza kuchapisha tena fomu za zamani na kutembea nazo mfukoni. Timu niliyomo ikaitwa kuangalia kulikoni.

Nilimfuata mkaguzi mmoja chini ya lori. Shimo la kukagulia limo ndani ya jengo la kuta za zege na paa la bati, na mtandao humo huja na kukata. Mkono mmoja ameshika tochi, mwingine una glavu iliyojaa grisi. Akakuta bomba la breki linavuja karibu na maungio. Akavua glavu, akabofya "Kasoro", programu ikaanza kuzungusha duara. Akasubiri, akabofya tena. Duara likaendelea. Akapanda kutoka shimoni, akaenda hadi mlangoni kutafuta mawimbi, na aliporudi fomu ilikuwa imejifungua upya, tupu.

"Kaka," akaniambia, "nikiona inazunguka tu, nachukua karatasi. Karatasi hainisubirishi."

Waliotengeneza toleo la kwanza walilifikiria suala la mtandao. Programu ilihifadhi orodha ya magari kwa muda, na mtandao ukikosekana ilitoa ujumbe wa kumwomba mtu ajaribu tena. Lakini kila hatua ilihitaji ruhusa ya seva, kompyuta kuu inayopokea kaguzi zote: kufungua fomu, kuhifadhi jibu, kupakia picha, kutia sahihi. Ndiyo maana hali mbaya kuliko zote ilikuwa mtandao wa nusunusu. Simu inaonyesha mstari mmoja wa mawimbi, mfumo unasema upo hewani, data haipiti. Ombi linaning'inia mpaka muda wake uishe, na mkaguzi anaganda pamoja nalo. Mtandao ulipokuwa haupo kabisa, angalau programu ilikiri upesi.

Msimamo tulioanza nao, ambao nausimamia hadi leo, ni kwamba ukaguzi umekamilika pale mkaguzi anapotia sahihi kwenye simu yake, hata kama seva haijasikia lolote. Simu ndiyo mahali pa kazi, seva ni mpokeaji. Timu nyingi hulikubali hili kwa maneno, halafu zikija kwenye msimbo zinaacha skrini isome kutoka seva na kuifanya simu kuwa akiba ya dharura. Matokeo yake ni kuwa na programu mbili ndani ya moja, ya mtandaoni na ya nje ya mtandao, na ile ya pili haijaribiwi na mtu hadi siku inapohitajika. Sisi tuliamua iwe njia moja tu: skrini inasoma na kuandika kwenye hifadhidata ya simuni, siku zote, mtandao uwepo usiwepo. Kazi ya kuzungumza na seva ina sehemu yake pembeni, na skrini haiijui.

Hifadhidata ni SQLite, ambayo tayari imo ndani ya Android na iOS. Kulikuwa na hoja ya kutengeneza tovuti badala ya programu ili kukwepa kazi ya kutengeneza mara mbili. Tuliikataa kwa sababu moja nzito: Safari, kivinjari cha Apple, tangu toleo la 13.1 la mwaka 2020, hufuta data ambazo tovuti imehifadhi kwenye kivinjari ikiwa mtumiaji ametumia Safari siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Zipo njia za kulipunguza hilo, kama kuiweka tovuti kwenye skrini ya mwanzo, lakini rekodi ya usalama wa breki haiwezi kutegemea kwamba kila mkaguzi alikumbuka kufanya hivyo.

Kitufe cha "Hifadhi" tulikiondoa. Kila mguso unaandikwa hifadhidatani papo hapo. Sababu yake kubwa tuliiona kwenye simu za bei nafuu: mkaguzi anapobofya kupiga picha, programu ya kamera inafunguka na kula kumbukumbu, na Android, ikitafuta nafasi, inaizima programu yetu iliyobaki nyuma. Picha inapigwa vizuri, mtu anarudi, fomu haina kitu. Kwenye simu ya gharama ya mtengenezaji programu tatizo hili halionekani hata siku moja. Jibu lake ni kwamba programu ikizimwa sekunde yoyote, ikifunguka iwe palepale ilipokuwa, na picha ijue ni ya swali gani kwa sababu swali hilo liliandikwa kabla kamera haijafunguliwa. Tukaweka pia SQLite katika hali ya uandishi wa kumbukumbu ya mbele (WAL), ambapo kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, na usawazishaji wake wa diski kwenye kiwango cha FULL, yaani inasubiri data ifike kweli diskini. Kiwango cha NORMAL kina kasi zaidi, ila simu ikizimika ghafla kinaweza kupoteza miamala, yaani maandishi, ya mwisho hata kama programu iliambiwa imeandikwa. Tulikubali kulipa hizo milisekunde.

Kabla ya zamu, simu inapakua vitu vitatu: orodha ya magari yanayotarajiwa, fomu za ukaguzi, na kasoro za kila gari ambazo hazijafungwa. Hicho cha tatu ndicho wakaguzi walichokithamini kuliko vyote, maana mtu akifika kwenye tairi la nyuma kulia anaona hapohapo kwamba mwenzake alilalamikia tairi hilo. Gari lisilo kwenye orodha halizuiwi. Mkaguzi anaandika namba ya usajili na namba ya chesisi, anaendelea na kazi, na seva italioanisha baadaye. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17 kwa kiwango cha ISO 3779, na haitumii I, O wala Q kwa kuwa hufanana na 1 na 0, kwa hiyo simu inaweza kukamata makosa mengi ya kuandika bila kumuuliza mtu. Tarakimu ya uhakiki iliyo nafasi ya 9 tuliitumia kutoa onyo tu, kwa sababu ni lazima Amerika Kaskazini lakini watengenezaji wa kwingineko wengi hawaijazi kwa kanuni hiyo.

Kisha kulikuwa na rekodi pacha. Kwenye kumbukumbu za seva tulikuta lori moja lenye kaguzi mbili za asubuhi moja, dakika chache kati yake, moja inasema breki zimefaulu na nyingine inasema bomba linavuja. Meneja alikwisha kuanza kumshuku mkaguzi. Tulipofuatilia tukaona mambo yalivyokwenda. Mkaguzi alituma, ombi likafika, seva ikaandika, na jibu la seva likapotelea njiani. Simu, kwa kutopata jibu, ikadhani imeshindwa na kumruhusu ajaribu tena. Katikati ya hapo mtu akashuka tena shimoni, akaona uvujaji, akarekebisha jibu na kutuma. Kwa simu ilikuwa fomu moja iliyorekebishwa, kwa seva zilikuwa fomu mbili zinazopingana. Mkaguzi hakuwa na kosa lolote, na nilihimiza hilo liandikwe wazi kwenye ripoti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hatarini.

Mzizi wa tatizo ni kwamba namba ya rekodi ilikuwa inatolewa na seva. Rekodi isiyo na jina haiwezi kutambuliwa ikija mara ya pili. Tulihamishia kazi hiyo simuni: ukaguzi unapoanza tu, simu inautengenezea kitambulisho cha UUID, namba ya biti 128 ambayo uwezekano wa simu mbili kuigonga sawasawa ni mdogo kiasi cha kutojali. Tulichagua toleo la 7, lililosanifishwa mwaka 2024 katika RFC 9562, mojawapo ya nyaraka za viwango vya intaneti, kwa kuwa linaanza na muda na hivyo rekodi zinapangika vizuri kwenye faharasa. Simu inatuma kwa PUT, amri ya wavuti ya "weka hiki hapa", kwenda kwenye anwani yenye kitambulisho hicho, na ombi likirudiwa mara tano matokeo ni yaleyale ya mara moja. Seva ikikuta kitambulisho kipo na yaliyomo ni yaleyale, inajibu "nimepokea" bila malumbano.

Upande wa simu kuna jedwali tuliloliita kasha la kutoka. Mkaguzi akitia sahihi, muamala mmoja wa hifadhidata unafanya mambo mawili kwa pamoja: unaufunga ukaguzi na kuweka mstari kwenye kasha. Yanaandikwa yote au haliandikwi hata moja. Ukiyatenganisha, siku moja simu itazimika katikati yake na utabaki na ukaguzi uliofungwa ambao hakuna anayejua kuwa unapaswa kutumwa. Mstari unatoka kwenye kasha pale tu seva inapothibitisha kupokea.

Kuhusu migongano ya data nilitarajia kazi kubwa kuliko iliyotokea. Kuna elimu nyingi juu ya kuunganisha mabadiliko ya watu wengi, ikiwemo miundo ya data ya CRDT, ambayo huunganisha mabadiliko yenyewe bila mgongano, iliyorasimishwa mwaka 2011, na kijana mmoja wa timu alikuwa ameshaisoma yote kwa hamu. Lakini tulipokaa na wakaguzi tukagundua kwamba ukaguzi ni ushahidi: mtu fulani, saa fulani, aliona kitu fulani. Ushahidi wa watu wawili hauchanganywi ukawa mmoja. Ikiwa wa kwanza alisema tairi ni zima na wa pili akasema ni kipara, yote mawili yanabaki, na msimamizi anaamua kwa rekodi ya tatu yenye jina lake. Kwa hiyo rekodi iliyotiwa sahihi haihaririwi na yeyote. Ikionekana kosa, inaongezwa rekodi ya marekebisho inayoelekeza kwa ile ya awali. Pale wakaguzi wawili wanapogawana lori moja, huyu chini na yule bodi na taa, ukaguzi unagawanywa kwa sehemu na kila sehemu ina mwenyewe mmoja. Migongano karibu yote ikayeyuka bila msimbo wowote wa kuiunganisha. Kama kuna jambo moja ningependa mtu anayeanza mradi kama huu alichukue, ni kukaa na kanuni za kazi yenyewe kabla ya kwenda dukani kutafuta algoriti.

Picha ndizo zilizotula muda. Kamera ya megapikseli 12 hutoa JPEG ya megabaiti 3 hadi 5, na ukaguzi wenye kasoro kadhaa unaweza kuwa na picha nyingi. Ukiifungua picha hiyo kumbukumbuni kwa baiti 4 kwa kila pikseli, ni megabaiti 48, na simu dhaifu inaangusha programu. Kwa hiyo picha inasomwa ikiwa tayari imepunguzwa, kisha inahifadhiwa ikiwa na pikseli 1600 upande mrefu. Tuliwauliza mafundi wa gereji kama ufa wa tairi bado unaonekana vizuri kwa kipimo hicho, wakasema unaonekana, ila maandishi madogo ubavuni mwa tairi yanahitaji picha ya karibu. Tukaongeza swali la kupiga picha ya ubavu kwa karibu, ili zile tarakimu 4 za wiki na mwaka wa kutengenezwa zisomeke.

Picha inahesabiwa hashi ya SHA-256, aina ya alama ya kidole inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, mara tu inapohifadhiwa, na hashi hiyo inaingia ndani ya rekodi inayotiwa sahihi. Hapo tukapata uhuru mkubwa: maandishi ya ukaguzi, kilobaiti chache tu, yanatangulia kwenda seva, na picha zinafuata kwa vipande, kila kimoja kikijitegemea, ili mtandao ukikata kwenye kipande cha saba tusirudie sita. Msimamizi anajua mapema kwamba lori lina bomba la breki linalovuja hata kama picha itafika baada ya saa nzima, na ikifika seva inahakiki kwa hashi kuwa ndiyo ileile. Toleo la zamani lilifungasha kila kitu pamoja, na picha moja nzito ilikuwa inazuia habari ya breki.

Na tafadhali, picha ambazo hazijatumwa zisiwekwe kwenye folda ya kashe, ile ya vitu vya muda. Android na iOS zote zina haki ya kuisafisha folda hiyo nafasi ikibana, na zinaitumia haki hiyo kimyakimya. Tulikuta rekodi za zamani zenye majina ya picha ambazo hazipo popote duniani.

Saa ya simu nayo haiaminiki. Mwingine ameirudisha nyuma kwa sababu zake, mwingine betri iliisha ikaamka na tarehe ya ajabu. Kwenye ukaguzi, saa ni sehemu ya ushahidi: je, lori lilikaguliwa kabla ya kutoka au baada ya kurudi? Tuliandika mambo matatu kwa kila tukio. Saa ya ukutani ya simu. Kipimo cha muda tangu simu iwashwe, ambacho mtumiaji hawezi kukigeuza lakini huanza sifuri simu ikiwashwa upya. Na muda ambao seva ilipokea. Simu ikipata seva, inalinganisha saa zake na za seva na kuhifadhi tofauti. Kwa hayo seva inaweza kukadiria saa halisi ya tukio, na pale inaposhindwa, kwa mfano simu ilizimwa katikati, inaweka alama kwamba saa hiyo ni ya madai ya simu. Kukiri hivyo kwenye rekodi kulimridhisha mwanasheria wa kampuni kuliko saa moja safi isiyojulikana ilikotoka.

Kutuma wakati programu imefungwa kulitaka subira. Kwenye Android tulitumia WorkManager, maktaba ya kupanga kazi za nyuma, ambayo hukumbuka kazi hata simu ikiwashwa upya na huongeza muda wa kusubiri kila jaribio linaposhindwa. Kazi zake za kujirudia haziwezi kuwa chini ya dakika 15, na hali ya Doze ya kuokoa betri, iliyoingia na Android 6.0 mwaka 2015, inaweza kuzichelewesha zaidi simu ikiwa imelala. Kwenye iOS mfumo wenyewe ndio unaoamua lini programu ipewe nafasi, na mtumiaji akiisukuma programu nje ya orodha, haipewi nafasi mpaka aifungue tena. Hivyo usitegemee kabisa kutuma kwa siri. Programu inajaribu kila inapofunguliwa, kila ukaguzi unapofungwa, na kila mtandao unaporudi. Kuhusu kurudi kwa mtandao, hatukuamini alama ya mfumo peke yake. Tunaiuliza seva yetu swali dogo lenye kikomo kifupi cha muda, kwa sababu Wi-Fi inayodai nywila kwenye ukurasa wake huonekana kama mtandao mzima.

Fomu hubadilika. Kina cha chini cha mifereji ya tairi kwa magari madogo ni milimita 1.6 katika nchi nyingi, lakini kampuni inaweza kujiwekea zaidi, na ikibadilisha leo kuna simu iliyo shimoni na fomu ya jana. Kila rekodi inabeba toleo la fomu iliyotumika, na seva inapokea matoleo yote. Kukataa ukaguzi kwa sababu fomu ni ya zamani ni kuitupa kazi ambayo mtu ameshaifanya kwa jasho.

Mkaguzi huingia akiwa na mtandao, baada ya hapo hufungua kwa PIN au alama ya kidole bila kuuliza seva. Ruhusa yake ikiisha muda akiwa nje ya mtandao, anaendelea kukagua, na foleni inasubiri aingie upya. Hifadhidata imesimbwa, na ufunguo unakaa kwenye hifadhi salama ya mfumo.

Skrini inaonyesha hali tatu tu kwa kila ukaguzi: upo simuni, unatumwa, umefika. Duara linalozunguka limeondolewa kwenye njia nzima ya ukaguzi. Vitufe vimekuwa vikubwa kwa ajili ya kidole chenye glavu, na majibu ya "Sawa" na "Kasoro" yamewekwa mbali, yasigongwe kwa bahati mbaya.

Katika kupima, hali ya ndegeni ni jaribio rahisi mno. Maumivu yapo kwenye mtandao unaofikisha ombi lakini unapoteza jibu, kwa hiyo tuliweka kati ya simu na seva kifaa cha kuukata kwa makusudi: baada ya ombi kufika, katikati ya picha, baada ya seva kuandika lakini kabla haijajibu. Tukaizima programu kwa nguvu kila hatua. Tukajaza diski ya simu mpaka ikagoma kuandika. Hilo la mwisho lilizaa kanuni mpya, kwamba nafasi ikikaribia kuisha programu inaonya kabla mtu hajaanza lori jipya, asije akakwama katikati.

Fomu za karatasi zilipotea mifukoni zenyewe. Hatukumkataza mtu.

Limebaki jambo ambalo msimbo hauwezi kulitatua peke yake. Simu ikianguka na kupasuka, au ikiibiwa, kabla kasha halijatumwa, kaguzi hizo zimekwenda. Tulifikiria kunakili kwenda simu ya jirani kwa Bluetooth, tukaona linaleta maswali ya usalama makubwa kuliko faida. Tukakubaliana na wasimamizi jambo la kawaida: idadi ya kaguzi ambazo hazijafika inaandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya skrini ya mwanzo, Wi-Fi ya kuaminika imewekwa kwenye chumba cha kukabidhi zamu, na mkaguzi hakabidhi zamu mpaka tarakimu hiyo iwe sifuri. Ikigoma kushuka, msimamizi anapiga simu kwetu kabla mtu huyo hajaondoka, na lori lililohusika halitoki yadi hadi ukaguzi wake uonekane kwenye seva au urudiwe.